Wimbo Usioagizwa na Mtu

Hapa mezani, katika redio yetu ya Beni, nina simu, ndani ya simu mna kadi, na ndani ya kadi mna albamu tano. Shuka Boulevard Nyamwisi yote, simama kwenye kila kibanda cha wale vijana wanaopakia muziki kwenye simu za watu, uwatajie majina ya albamu hizi. Watakuuliza kama ni dawa za mifugo. Na bado tatu kati yake zimepigwa na Wakongo wenzetu, ya nne ni ya Mkenya, ya tano ya Wazambia. Zimesikilizwa Brussels, zimeandikwa magazetini London, zimechezewa Mexico. Beni zimefika leo, na zimefika kwa sababu kuna mtu aliyekubali kuzimaliza mega zake.

Huko Ulaya na Marekani, albamu hizi hupangwa rafu moja na zile zinazoitwa indie, au rock mbadala. Msitishwe na jina. Lilianza kama jina la wanamuziki waliotoa santuri zao bila kampuni kubwa nyuma yao, bila bosi wa kuwaambia kwamba wimbo ni mrefu mno au gita linakwaruza. Baadaye jina likageuka kuwa mtindo, likapata nguo zake na kutembea kwake, na leo ziko bendi za indie zinazojaza viwanja vya mpira. Hayo ni mambo yao. Mimi nimeichukua rafu ile kwa ajili ya swali moja tu, ambalo kwetu hapa ni kubwa kuliko mambo ya gita: wimbo huu kauagiza nani?

Fikirini nyimbo tunazozisikia tangu asubuhi hadi jioni. Kuna zile za Kinshasa zenye mabanga, ambapo mwimbaji anaanza kulia juu ya mpenzi wake, halafu katikati ya machozi anamsalimia mwenye duka la magari, mwenye kiwanda cha saruji, mke wa kanali, na kijana fulani anayeishi Paris ambaye kazi yake haijulikani. Kila jina limelipiwa. Sina ugomvi na mabanga. Msanii naye anakula, na katika nchi ambayo santuri hainunuliwi na haki za mtunzi ni hadithi, jina la tajiri ndilo mshahara. Lakini tukubaliane kwamba wimbo ule una mwenyewe, na mwenyewe si mimi wala wewe. Kuna nyimbo za kampeni, hizo hatuna haja ya kuzizungumzia, kila mtu anajua zinaanza lini na zinakufa lini. Kuna za kanisa, ambazo zina mwenye kuziagiza aliye juu kabisa.

Halafu kuna zetu sisi watu wa Beni hasa: nyimbo za mradi. Mnazikumbuka. Ebola ilitangazwa hapa Agosti 2018, ikatangazwa kwisha Juni 2020. Ilikuwa imeshika watu zaidi ya 3,400 na kuua zaidi ya 2,200. Katika miaka ile miwili karibu kila kijana wa Beni na Butembo mwenye sauti aliimba juu ya kunawa mikono. Kazi ile ilikuwa ya lazima, wala simcheki aliyeifanya. Baada ya Ebola ikaja amani, kisha kuishi pamoja, kisha chanjo, kisha watoto warudi shuleni. Kila mradi una karatasi yake yenye maneno ya kuingizwa, una bajeti ya klipu, una mtu wa kuja kukagua kama neno lililoagizwa limesikika vizuri. Kijana akiandika hivyo miaka mitano, siku atakayokaa peke yake na gita lake bila karatasi, ataandika nini? Swali hilo ndilo lililonifanya nizitafute hizi albamu tano. Nilitaka kuwasikia watu ambao hakuna aliyewaletea karatasi.

Nianze na mzee Jupiter. Wa kwetu wengi hawamjui, na hilo ni jambo la ajabu, maana jamaa huyu ana urefu wa mnazi na sauti ya kunguruma. Ukimsikia mara moja humsahau. Jupiter Bokondji ni mtoto wa Kinshasa, lakini utotoni aliishi Berlin ya Mashariki kwa sababu baba yake alitumwa kufanya kazi ubalozini. Huko akasikia rock ya Wazungu. Aliporudi nyumbani akakuta Kinshasa nzima inacheza rumba na sebene, na yeye akaenda kinyume: akaanza kukusanya midundo ya makabila, ile ya vijijini ambayo okestra za mji zilikuwa zimeiacha nje ya mlango, na kuibandika gita kali na besi. Okwess, okestra yake, imekuwapo tangu 1990. Yeye mwenyewe muziki wake anauita bofenia rock. Kwa miaka mingi hakuna aliyemtaka. Mwaka 2006 Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, wakamtengenezea filamu, La Danse de Jupiter, ndipo milango ya nje ikafunguka. Hotel Univers ikatoka 2013, Kin Sonic 2017, Na Kozonga 2021. Hesabuni wenyewe: tangu kuanzisha okestra hadi albamu ile ya 2013, miaka 23. Wangapi kati yetu wangevumilia?

Ekoya, albamu yake mpya, ilitoka Februari 2025. Mbegu yake ni korona. Okestra ilikuwa ziarani Amerika ya Kusini mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, ikakwama kule, na badala ya kulia wakaanza kusikiliza. Ndiyo maana albamu hii ina mkono wa Mexico: mtayarishaji Camilo Lara ni wa huko, na kuna dada mmoja wa Kizapoteki, Mare Advertencia, anayefoka ndani yake, pamoja na Mbrazili Flavia Coelho. Sasa, mtu wa Beni atauliza, Mzapoteki anatuhusu nini? Anatuhusu. Wazapoteki ni watu wenye ardhi yao na lugha yao, waliosukumwa pembeni ndani ya nchi yao wenyewe, na Mare anaimba kuhusu hilo bila kuomba ruhusa. Mkiisikia sauti yake imekaa juu ya ngoma za Kikongo, hamtahitaji mkalimani.

Lakini nisiwauzie mbuzi ndani ya gunia. Ekoya naisikiliza kwa masikio mawili. Sikio la kwanza limefurahi: mpiga ngoma wa Okwess hapigi kama mtu anayesindikiza mwimbaji, anapiga kama mtu anayemkimbiza. Gita hazibembelezi. Hakuna jina la tajiri hata moja. Sikio la pili linalalamika kidogo. Nyimbo zimenyooka mno, zimesuguliwa, kila moja inafika mahali pa kurukia kwa wakati wake, na mimi nasikia kwa mbali uwanja wa tamasha la kiangazi huko Ufaransa, watu elfu kumi wenye bia mkononi wanaosubiri kuruka. Huyo naye ni mwenye kuagiza. Hakuandika karatasi, hakutoa dola mkononi, lakini anajulikana anachokipenda, na okestra inayoishi kwa tiketi zake itakuwa mwongo ikisema haimfikirii. Kwa hiyo hata hawa walio huru, uhuru wao una kamba. Ni ndefu tu kuliko ya yule wa mabanga.

Twende kwa albamu ambayo mimi binafsi naiweka juu ya zote. Si mpya kama nyingine, ilitoka 2022, lakini kwa Beni ni mpya, na ina kisa kirefu. Kampuni ni Crammed Discs ya Brussels, jina la kundi ni Congotronics International, na albamu inaitwa Where's the One?, yaani moja iko wapi.

Ili kuielewa inabidi turudi kwa mzee mmoja aliyefariki 2015, Mawangu Mingiedi. Alikuwa Mzombo, kutoka kule mpakani na Angola, akaja kuishi Kinshasa. Mzee huyu alikuwa na likembe, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma tunachokijua sote, na alikuwa na tatizo: Kinshasa ina kelele. Magari, baa, jenereta, makanisa. Likembe haisikiki. Basi akachukua sumaku za vipuri vya magari mabovu, akatengeneza kwa mikono yake vinasa sauti, akavibandika kwenye likembe, akaunganisha na amplifaya, na sauti akaitoa kwa vile vipaza vyenye mdomo wa tarumbeta ambavyo serikali ya kikoloni ilivitumia kutangazia watu amri. Vyombo vilikwaruza, vikapiga mluzi, vikanguruma. Mwingine angesema mitambo imeharibika. Mzee Mingiedi akasikiliza, akaona kwamba mkwaruzo ule ni mzuri, akauacha. Okestra yake ndiyo Konono N°1.

Mwaka 1978 mafundi wa redio ya Ufaransa waliwarekodi Kinshasa, na rekodi ikatoka kwenye santuri ya kampuni ya Ocora katika miaka ya 80. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, alikuwa ameisikia redioni, ikamkaa kichwani. Akaitafuta okestra ile kwa miaka, akaipata, akairekodi kwa kompyuta ya mkononi, nje, uani, bila studio. Ndiyo ikawa Congotronics, 2004. Na hapo likatokea jambo ambalo Mingiedi hakulipanga: vijana wa rock wa Marekani na Ulaya waliposikia likembe ile inayokwaruza, walidhani wamepata ndugu zao waliopotea. Wao walikuwa wamenunua vifaa vya bei kubwa ili gita zao ziharibike vizuri. Mzee wa Kinshasa alikuwa ameshafika pale kwa sumaku ya gari bovu. Björk wa Iceland akawaita Konono wapige kwenye albamu yake ya 2007. Mwaka 2010 ikatoka albamu ya diski mbili, Tradi-Mods vs Rockers, ambamo bendi za indie zilizichukua nyimbo za Konono na za Kasai Allstars na kuzipiga kwa namna yao. Hao Kasai Allstars, kwa njia, wana albamu ya 2008 yenye jina refu kiasi kwamba nikilisoma lote hapa nitaingia kwenye muda wa matangazo ya vifo. Lina mwezi wa saba, chifu, samaki na kichwa cha adui.

Kisha 2011 wakasema, basi tukutane kweli. Karibu wanamuziki 20 wakakusanyika: Konono, Kasai Allstars, na upande wa pili Deerhoof wa California, Juana Molina wa Argentina, Wildbirds & Peacedrums wa Uswidi na wengine. Wakafanya mazoezi, wakazunguka Ulaya. Katika mazoezi yale swali likawa lilelile kila siku, na wenye kuuliza walikuwa wale wa rock: moja iko wapi?

Wapigaji wetu wa kanisani mnaonisikiliza, nyinyi mnanielewa, lakini niwaeleze na wengine. Katika rock mpiga ngoma anahesabu moja, mbili, tatu, nne, na ile moja anaikanyaga kwa mguu kwenye ngoma kubwa ili kila mtu ajue wimbo umeanzia wapi na unarudia wapi. Ukipotea, unasubiri moja, unaingia. Katika muziki wa Konono hakuna anayekanyaga moja kwa niaba ya wote. Likembe ya kwanza ina mzunguko wake, ya pili ina wake unaoanzia mahali pengine, besi inaingia katikati, mwimbaji anaingia anapotaka yeye, na mchezaji miguu yake inahesabu kitu cha tano. Wote wako sawa, na wimbo hauanguki. Wale vijana wa rock, wapigaji hodari waliosifiwa duniani, walikuwa kama mgeni aliyealikwa kwenye nyumba isiyo na mlango wa mbele: kila anayeingia anapita upande wake, na mgeni amesimama nje na zawadi mkononi akitafuta pa kubisha.

Albamu yenyewe ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi kutoka, na inasikika hivyo. Kuna mahali imechoka. Kuna mahali ambapo gita la Deerhoof linang'ang'ania moja yake na likembe zinalizunguka bila kulijali, na huo mvutano ndio muziki. Haijasuguliwa. Hakuna anayeruka kwa wakati. Mkiniuliza kwa nini naipenda kuliko Ekoya, nitawajibu kwamba hapa hakuna upande uliomtii mwenzake kabisa, na hakuna msikilizaji aliyefikiriwa kwanza. Ni wimbo usioagizwa na mtu, au tuseme umeagizwa na watu ishirini kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni lilelile.

Butu ya KOKOKO! naipitia haraka. Imetoka 2024, ni ya usiku wa Kinshasa, wa kelele, chupa, honi, na sauti ya Makara Bianko anayeimba kama anayetangaza bei sokoni. Albamu yao ya kwanza, Fongola ya 2019, ilikuwa na vyombo vingi walivyojitengenezea kwa makopo na mabati. Hii ya sasa ina mitambo zaidi ya umeme na makopo machache. Nzuri kwa kucheza. Kwa kusikiliza umekaa, Fongola inabaki mbele. Fundi wangu hapa anatikisa kichwa, hakubaliani nami, lakini kipaza sauti ni changu.

Sasa tugeuke mashariki, upande wetu. Kutoka Beni hakuna anayekwenda Kinshasa kwa gari. Lakini Kampala ni basi: Kasindi, Mpondwe, Kasese, umefika. Simu mnazosikilizia zimepita njia hiyo. Na pale Kampala, tangu 2016, kuna kampuni ya santuri inayoitwa Nyege Nyege Tapes, ambayo wapenzi wa muziki mbadala wa dunia nzima wanaifuata kwa hamu. Inatoa vitu vikali, vya ajabu, vingine hata mimi masikio yanakataa. Mwaka 2021 ilitoa Na Zala Zala ya Rey Sapienz na kundi lake la Congo Techno Ensemble, na huyo ni Mkongo anayefanya kazi palepale Kampala. Mwaka 2020 ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya muziki wa metali na mashine hadi ukashindwa kujua ni gita au ni kiwanda. Mmoja wao, Martin Kanja, anayejiita Lord Spikeheart, alitoa yake peke yake 2024, The Adept, kwa kampuni yake mwenyewe. Ndiyo albamu ya nne mezani hapa.

Huyu bwana haimbi, anapiga kelele. Nawaonya kina mama walio jikoni: punguzeni sauti tukiiweka. Lakini kabla hamjasema ni wazimu, jueni kwamba ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, yule mama wa Mau Mau aliyepewa cheo cha field marshal msituni, akakaa na nywele zake za msituni hadi uzeeni, na akafariki 2023. Albamu imebeba hasira yake. Ukishajua hilo, zile kelele zinabadilika masikioni. Kuna mambo ambayo ukiyasema kwa sauti nzuri unakuwa umeyapunguza.

Ya tano ni Sogolo ya WITCH, 2025, kutoka Zambia. Hawa ni wazee. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati shaba inalipa, vijana wa migodini wana mshahara na wana gita, na Rais Kaunda alikuwa ameamuru redio ipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95. Fikirini amri ile kidogo. Studio kama yetu hii, fundi anatafuta cha kupiga, muziki wa nje hauruhusiwi ila kidogo. Lazima wa ndani utengenezwe. Ndipo ikazaliwa ile inayoitwa Zamrock. Lazy Bones!! ya WITCH ilitoka 1975 na leo nakala yake ya zamani inauzwa kwa mamia ya dola. Kisha bei ya shaba ikaanguka, amri za kutotoka usiku zikaua maonyesho, na ukimwi ukachukua sehemu kubwa ya kizazi kile cha wapigaji. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, Jagari kwa jina la jukwaani, akaenda kuchimba mawe ya thamani. Alichimba miaka. Wachimbaji wetu wa dhahabu mnaonisikiliza mko Mangurejipa, mnajua maisha hayo. Kisha vijana wa Ulaya wakamtafuta, kama Kenis alivyomtafuta Mingiedi, na 2023 akatoa Zango, iliyorekodiwa Lusaka katika studio ileile ya ujana wake. Sogolo inafuata. Naona Zango ina joto zaidi, lakini mzee wa umri ule kutoa albamu mbili ndani ya miaka miwili, nani atamkosoa.

Nimesema Ekoya ilitoka Februari 2025. Mwezi huo sisi huku hatukuwa na masikio ya albamu. Goma ilikuwa imechukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, wakimbizi wanamiminika, na tarehe 13 Februari mwimbaji Delcat Idengo aliuawa kwa risasi mjini Goma. Sina haja ya kuwaambia ni nani. Ni mtoto wa hapa, na baadhi yenu mlicheza naye. Delcat alikuwa amefungwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake. Hakuimba kwa karatasi ya mradi. Aliimba dhidi ya wenye mamlaka, dhidi ya wenye bunduki, na pia dhidi ya waliokuja kutulinda alipoona hawatulindi. Yako aliyoyasema ambayo mimi nisingeyasema, na mengine yalikuwa makali hata kwa waliompenda. Lakini nikiwekewa swali langu la leo, wimbo huu kauagiza nani, kwa Delcat sina jina la kutaja. Gita lake halikukwaruza, hakuna aliyemweka kwenye rafu ya rock, hakuna gazeti la London lililompa nyota nne alipokuwa hai. Kama mbadala ni jambo la kusema kisicholipiwa, basi ndiye aliyelifanya karibu zaidi na hapa nilipokaa, na gharama yake mnaijua.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Beni haina muziki huo kwa sababu hatuna studio. Wapigaji tunao. Jumapili asubuhi pita kanisa la CBCA, pita parokia yoyote, utamkuta kijana wa miaka 16 anapiga solo, wa pili mi-solo, wa tatu akompanyama, na besi imekaa mahali pake, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kwa noti. Hao ndio ninaowasemesha. Jumatatu gita limefungiwa kabatini kwa mchungaji, ni kweli. Basi ombeni ufunguo. Na vyombo vyetu vingine je? Endara ya Wanande, zile mbao ndefu zinazolazwa juu ya vigogo vya mgomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, ipo. Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki, alipopita kando ya msitu wa Ituri mwaka 1952 na mitambo yake aliwarekodi watu wetu, na rekodi zile hadi leo zinauzwa Ulaya. Mbao zipo. Migomba ndiyo usiseme. Kinasa sauti cha kubandika kwenye mbao kinapatikana kwa mafundi wa simu kwa bei ya chupa chache za bia, na amplifaya za kanisa zinakwaruza zenyewe bila kuombwa. Mingiedi hakuwa na zaidi ya hapo.

Kitu kimoja tu ningewaomba wanaotaka kujaribu: msinyooshe. Vijana wetu wakiingia kurekodi, jambo la kwanza fundi anafanya ni kuwawekea ngoma ya kompyuta, tik, tik, tik, kila mtu aifuate. Endara haifuati tik. Rekodini wote pamoja, uani, na kuku wakilia walie. Mkileta hapa nitapiga, hata kama ni dakika kumi na mbili, na sitaomba mtaje jina la redio ndani ya wimbo.

Muda umekwisha, matangazo ya vifo yanasubiri na familia zina haki yao. Baada ya matangazo tutakuwa na nusu saa ya muziki. Tutaanza na Congotronics International. Mnaopiga besi, tegeni sikio mtafute moja iko wapi, halafu mtupigie simu. Jupiter atafuata, kisha WITCH. Yule Mkenya tumemweka saa tatu usiku, watoto wakishalala. Fundi, tuletee matangazo.